Kitakasa Mikono na Dawa za Kuua Vijidudu Wakati wa Uhaba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila bidhaa zinapoadimika, kama ilivyotokea dunia nzima mwaka 2020. Asilimia zote za alkoholi hapa ni za ujazo kwa ujazo. Kijiko cha chai ni mililita 5 na kijiko cha mezani ni mililita 15, lakini ukiwa na bomba la sindano au silinda yenye vipimo, achana na vijiko.

Je, kuna haja ya kutengeneza kitakasa mikono?

Mara nyingi hakuna. Kama maji na sabuni vipo, anza navyo, tena hata kama kitakasa kipo. Sabuni huvunja utando wa mafuta unaofunika virusi vingi, vikiwemo vya korona na vya mafua, na hapo hapo hubandua uchafu na kuuondoa na maji. Alkoholi haiondoi kitu: inaua kilichopo na kukiacha palepale. Tena kuna wadudu inaowashindwa kabisa au kuwaweza kwa shida: norovirusi wanaoleta kutapika na kuhara, mbegu za bakteria Clostridioides difficile (mbegu ni umbo gumu ambamo bakteria hujifungia ili wasife), na vimelea vya Cryptosporidium. Hao huondolewa kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Sugua kwa sekunde 20 walau, pamoja na migongo ya viganja, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha. Maji ya baridi yanafaa sawa na ya moto.

Sabuni yenyewe ni haba. Nifanyeje?

Ichanganye na maji. Gramu 30 za sabuni ya unga katika lita 1.5 za maji hutoa maji ya sabuni yanayotosha watu wengi. Tikisa mpaka unga uyeyuke, toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa, na itundike kando ya kibuyu chirizi au ndoo yenye koki. Sabuni ya mche nayo inaweza kukwanguliwa na kulowekwa usiku kucha. Kitakasa cha alkoholi kihifadhiwe kwa ajili ya mahali pasipo na maji: safarini, getini, kando ya kitanda cha mgonjwa.

Alkoholi iwe na nguvu kiasi gani?

Isipungue asilimia 60 katika mchanganyiko uliokamilika. Neno "uliokamilika" ndilo linalosahaulika: watu husoma asilimia kwenye chupa ya spiriti, kisha huongeza vitu vingine na kudhani asilimia imebaki ileile.

Lengo zuri ni asilimia 80 kwa ethanoli (alkoholi iliyomo kwenye pombe) au 75 kwa alkoholi ya isopropili. Ukikosea kidogo katika kupima, bado uko juu ya mstari.

Kwa nini nisitumie ya asilimia 96 au 99 moja kwa moja?

Kwa sababu alkoholi inahitaji maji ili ifanye kazi. Inaua kwa kuharibu protini za vijidudu, na protini huharibika vizuri zaidi maji yakiwepo. Alkoholi kavu pia hupotea hewani kabla haijamaliza kazi, na hukausha ngozi hadi ipasuke. Ngozi iliyopasuka ni maficho mapya ya vijidudu. Kwa hiyo kuizimua kidogo hakuidhoofishi, bali huiongezea makali.

Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani ni upi?

Ni huu, uliotolewa katika miongozo yake ya usafi wa mikono ya mwaka 2009 ili hospitali ziweze kujitengenezea. Kwa lita 1:

- Ethanoli ya asilimia 96: mililita 833
- Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3: mililita 42
- Gliserini ya asilimia 98: mililita 14.5
- Maji yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa kuwa maji tena): kiasi cha kufikisha lita 1

Ukiwa na isopropili ya asilimia 99.8 badala ya ethanoli, tumia mililita 752. Vingine havibadiliki.

Utaratibu wenyewe:

1. Osha chupa na vifaa vyote, suuza kwa maji ya moto, acha vikauke. Chupa iwe na alama ya lita 1. Kama haina, pima maji lita 1, yamimine ndani, chora mstari nje kwa kalamu isiyofutika, kisha mwaga maji na ukaushe chupa.
2. Mimina alkoholi kwanza.
3. Ongeza peroksaidi.
4. Ongeza gliserini. Ni nzito na hung'ang'ania kwenye kipimo, hivyo suuza kipimo kwa maji kidogo yaliyopoa na uyamimine humo humo. Ukiiacha kwenye kuta za silinda, utaongeza nyingine "kufidia" na kitakasa kitanata.
5. Jaza maji mpaka kwenye mstari.
6. Funga mara moja, kisha geuza chupa juu chini polepole mpaka usione tena nyuzi za gliserini zikizungukazunguka ndani.
7. Gawa kwenye chupa ndogo, bandika lebo yenye jina, asilimia na tarehe, na usizitumie kwa saa 72.

Saa 72 za nini?

Alkoholi haiui mbegu za bakteria, na mbegu hizo zinaweza kuwa ndani ya alkoholi yenyewe au kwenye chupa. Peroksaidi ndiyo inayozimaliza, na inahitaji muda huo. Haipo kwa ajili ya mikono yako, ndiyo maana kiasi chake ni kidogo: asilimia 0.125 tu mwishoni. Kuiongeza mara mbili au tatu hakuongezi faida yoyote mikononi.

Alkoholi niliyopata si ya asilimia 96. Nipige hesabu vipi?

Gawa asilimia unayoitaka kwa asilimia uliyonayo, kisha zidisha kwa 1000. Jibu ni mililita za alkoholi kwa kila lita ya kitakasa. Kwa ethanoli ya 95 ni 80 ÷ 95 × 1000, yaani mililita 842. Ya 90 ni mililita 889. Kwa isopropili ya 91, lengo likiwa 75, ni mililita 824. Vitu vingine viingie kama kawaida, na maji yamalizie.

Ikiwa uliyopata ni ya asilimia 70, hesabu itakuambia zaidi ya mililita 1000. Maana yake hakuna nafasi ya maji. Iache ilivyo: mililita 985 za alkoholi ya 70 na mililita 15 za gliserini, na umepata kitakasa cha asilimia 69. Usitie maji hata tone.

Angalia pia lebo inasema asilimia ya nini. Asilimia 60 kwa ujazo ni kama asilimia 52 kwa uzito. Viwanda vingine huandika kwa uzito, na kwa mtu asiyejua, spiriti nzuri itaonekana dhaifu.

Kwa nini mnasema "jaza mpaka lita 1" badala ya kutaja mililita za maji?

Kwa sababu ethanoli na maji vikikutana hujipanga kwa kubanana. Changanya nusu lita ya ethanoli safi na nusu lita ya maji, utapata karibu mililita 960 badala ya 1000. Anayepima maji pembeni na kuyamwaga yote hapati ujazo aliokusudia.

Vipi ile ya alkoholi vikombe viwili na jeli ya aloe vera kikombe kimoja?

Hii ndiyo inayosambaa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu kazi kuliko zote. Ipige hesabu. Ukianza na isopropili ya 91, theluthi mbili za 91 ni asilimia 60.7: umepona kwa tundu la sindano. Ukianza na ya asilimia 70, ambayo ndiyo wengi wanayoipata, unaishia na 46.7. Hapo una jeli yenye harufu ya hospitali, basi.

Ukitaka jeli kwa nguvu zote, tumia isopropili ya 99 kwa uwiano wa vikombe vitatu kwa kimoja, upate asilimia 74, au ya 91 kwa uwiano huohuo upate 68. Jeli iwe ya dukani iliyowekewa kihifadhi. Ute uliokwanguliwa kutoka kwenye jani la mshubiri huja na vijidudu vyake, hujitenga na alkoholi, na huanza kunuka baada ya siku chache.

Jeli za viwandani huwa nzito kwa sababu ya kemikali iitwayo kabomeri, ambayo haizidishi uwezo wa kuua. Kitakasa chepesi kama maji ni sawa kabisa, kinachotakiwa ni chupa yenye tundu dogo au kinyunyizio ili kisimwagike hovyo.

Spiriti haina lebo. Naweza kupima nguvu yake nyumbani?

Unaweza, kwa sharti moja tutakalolitaja mwishoni. Kipimo cha alkoholi kinachoelea ndicho bora. Kitumie kwenye spiriti kabla hujatia gliserini, maana gliserini huongeza uzito wa majimaji na kuonyesha alkoholi pungufu.

Kama huna, tumia mizani ya jikoni na chupa moja yenye shingo nyembamba. Weka alama shingoni. Jaza maji mpaka kwenye alama na upime. Toa uzito wa chupa tupu. Kausha kabisa, jaza spiriti mpaka kwenye alama ileile, pima tena na utoe uzito wa chupa. Kama maji yalikuwa gramu 500, basi ethanoli itasomeka takriban hivi kwenye nyuzi 20 za Selsiasi:

- asilimia 96: gramu 404
- asilimia 80: gramu 430
- asilimia 70: gramu 444
- asilimia 60: gramu 455
- asilimia 40: gramu 475

Uzuri wa njia hii ni kwamba chupa ni ileile, hivyo hata kama si nusu lita kamili, uwiano hauharibiki. Kwenye joto kali spiriti hutanuka kuliko maji, kwa hiyo itaonekana kali kuliko ilivyo. Kwenye nyuzi 30 ongeza gramu tatu au nne kwenye ulichosoma.

Sasa lile sharti: mizani haitofautishi ethanoli na methanoli. Uzito wao unakaribiana mno. Spiriti ya asili isiyojulikana haifai hata ikisoma vizuri.

Methanoli ina ubaya gani, ikiwa nayo ni alkoholi?

Mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki, inayoharibu mshipa wa jicho na kuua. Kuinywa ndiko kunakoua haraka, lakini hupenya pia kwenye ngozi na huingia kwa kuvuta mvuke wake, jambo la kutazamwa kwa mtu anayepaka mikono mara ishirini kwa siku. Mei na Juni 2020, katika majimbo ya Arizona na New Mexico nchini Marekani, watu 15 walilazwa baada ya kumeza vitakasa mikono vyenye methanoli. Wanne walifariki na watatu walitoka hospitali macho yakiwa yameathirika.

Hakuna jaribio la kuaminika la nyumbani. Harufu haikuambii, na rangi ya mwali wa moto haikuambii kitu, hasa ikiwa zimechanganywa. Spiriti za kuwashia majiko, za kupunguzia rangi na za kusafishia vioo vya magari mara nyingi huwa na methanoli kwa makusudi, ili zisinywewe. Soma lebo, ukikuta methanoli, au ukikuta lebo haisemi kitu, iache.

Pombe kali ya kunywa je?

Nyingi ni asilimia 40. Haitoshi, na huwezi kuiongezea nguvu kwa kuichemsha, kwani kinachotangulia kuondoka ni alkoholi. Kuikeneka upya nyumbani ni kualika moto, na sehemu nyingi ni kosa kisheria. Zipo chache za asilimia 95, na hizo zinafaa kwa hesabu tuliyoonyesha juu.

Nimekosa gliserini. Nimekosa peroksaidi.

Bila gliserini kitakasa kinaua vilevile, ila mikono itakauka. Paka losheni kando, baada ya alkoholi kukauka. Usiweke mafuta ya kula wala ya nazi ndani ya chupa: hayachanganyiki, huzama chini, na tone la kwanza linalotoka linaweza kuwa mafuta matupu. Wala usizidishe gliserini. Pamoja na kunata, ikizidi hupunguza uwezo wa alkoholi.

Bila peroksaidi, tumia chupa na maji yaliyochemshwa vizuri, tengeneza kidogokidogo na kitumike kwa wiki chache. Ukipata peroksaidi ya asilimia 6, tumia nusu ya kiasi na fidia kwa maji. Zile kali za asilimia 30 na kuendelea huunguza ngozi na kuchochea moto. Hizo zibaki maabara.

Manukato hayana kazi, na huwasha ngozi za wengine.

Nipake kiasi gani, kwa muda gani?

Kiasi cha kujaza kitako cha kiganja, kama mililita 3. Sugua sehemu zote mpaka mikono ikauke yenyewe, sekunde 20 hadi 30. Ikikauka ndani ya sekunde kumi, ulipaka kidogo. Usifute kwa kitambaa na usipepee. Mikono yenye grisi, udongo au damu ioshwe kwanza, kwa kuwa alkoholi haipenyi uchafu.

Hatari ya moto ikoje?

Kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ethanoli ya asilimia 80 hutoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia nyuzi 17.5 za Selsiasi, na isopropili ya 75 kuanzia nyuzi 19. Kwa maneno mengine, chumba cha kawaida kinatosha. Mvuke ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni na unaweza kufika jikoni kabla hujaunusa.

Changanya mahali penye hewa, mbali na jiko, mshumaa, sigara na swichi zinazotoa cheche. Usitengeneze zaidi ya lita moja kwa wakati mmoja nyumbani. Subiri mikono ikauke kabisa kabla ya kuwasha kiberiti. Spiriti ikimwagika, zimua kwa maji mengi na fungua madirisha.

Kwa meza, sakafu na vitasa nitumie nini?

Hapa usipoteze alkoholi. Tumia klorini ya maji ya kufulia, ile ambayo wengi huiita jiki. Hakikisha lebo imeandika sodiamu haipokloraiti na asilimia yake. "Salama kwa nguo za rangi" kwa kawaida ni ya peroksaidi, si klorini. Zile nzito zenye manukato, au zilizotengenezwa zisirukeruke, wakati mwingine hazina nguvu ya kuua vijidudu.

Kanuni ni moja: asilimia ya chupani gawa kwa asilimia unayoitaka, toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya klorini.

Kwa nyuso za kawaida lengo ni asilimia 0.1. Klorini ya asilimia 5: 5 ÷ 0.1 = 50, toa 1, sehemu 49 za maji; ni mililita 20 za klorini na 980 za maji. Klorini ya 3.5: sehemu 34, yaani mililita 29 kwa 971.

Kwa damu, matapishi na kinyesi lengo ni asilimia 0.5. Ya 5 inahitaji sehemu 9 za maji (mililita 100 kwa 900), na ya 3.5 inahitaji sehemu 6 (mililita 143 kwa 857).

Maji yawe ya baridi, kwa kuwa ya moto huvunja klorini. Vaa glavu, fungua dirisha, na mimina klorini ndani ya maji, si maji ndani ya klorini, ili isikurukie usoni.

Nimefuata vipimo, lakini nasikia bado haifanyi kazi. Kasoro huwa wapi?

Karibu kila mara ni moja kati ya hizi tatu.

Kwanza, uchafu. Klorini haichagui: inakula matope, damu na mabaki ya chakula kama inavyokula bakteria, na ikiishia kwenye uchafu hakuna kinachobaki kwa vijidudu. Safisha kwa sabuni, suuza, ndipo upake klorini. Dekio chafu lililozamishwa kwenye ndoo ya klorini humaliza nguvu ya ndoo nzima. Ukiona maji yamekuwa ya kijivu, mwaga na uchanganye mengine.

Pili, muda. Uso ubaki umelowa dakika 10. Kupitisha kitambaa na kukausha papo hapo ni kufuta vumbi. Ukitumia alkoholi ya 70 hadi 90 kwa vitu vidogo, dakika moja ya kubaki na unyevu inatosha, lakini hukauka upesi, hivyo huenda ukapaka mara mbili.

Tatu, uzee. Klorini ya chupani hupungua nguvu kila mwezi, na joto na jua huharakisha. Iliyokaa mwaka kwenye dirisha lenye jua si tena ile iliyoandikwa kwenye lebo. Iliyozimuliwa itumike siku hiyohiyo. Baada ya saa 24 mwaga. Isiwekwe kwenye chombo cha chuma wala chupa inayopitisha mwanga.

Ukimaliza, futa kwa maji safi nyuso za chuma na zinazogusana na chakula. Klorini hula chuma, hata kisichoshika kutu.

Nina unga wa klorini wa mabwawa, asilimia 70.

Ni kalsiamu haipokloraiti, na inafaa. Gawa asilimia unayoitaka kwa ya unga, zidisha kwa 1000, upate gramu kwa lita: gramu 7 kwa asilimia 0.5, gramu 1.4 kwa asilimia 0.1. Koroga, acha itulie nusu saa, tumia maji ya juu na uache mashapo chini. Yakiingia kwenye kinyunyizio yataziba. Unga wenyewe uwe mkavu na mbali na mafuta na spiriti, maana vikikutana vinaweza kuwaka bila kiberiti. Hakikisha pia ni unga huo kweli: dawa nyingine za mabwawa ni kemikali tofauti, na hazichanganywi na huu.

Klorini inafaa kwa mikono?

Kama hakuna sabuni wala alkoholi, ndiyo, kwa asilimia 0.05: sehemu 99 za maji kwa klorini ya 5, au sehemu 69 kwa ya 3.5. Imetumika hivyo katika milipuko ya Ebola. Hukausha na kuwasha ngozi, na si njia ya kila siku. Asilimia 0.5 ni ya sakafu na damu, usiipake mwilini.

Nichanganye dawa mbili ili ziwe kali zaidi?

Usichanganye. Klorini na siki, limau au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Klorini na amonia hutoa kloramini, na mkojo uliokaa nao una amonia, hivyo choo kinachonuka kisuuzwe kwa maji mengi kwanza. Klorini na spiriti hutoa klorofomu na sumu nyinginezo. Peroksaidi na siki kwenye chupa moja hutoa asidi ya perasetiki inayounguza macho na koo. Hata kutumia moja baada ya nyingine bila kusuuza katikati ni kuzichanganya.

Ukianza kukohoa au macho kuwasha, toka nje kwanza. Ndoo utaishughulikia baadaye.

Siki, limau na chumvi vinatosha?

Havitoshi. Siki ya asilimia 5 hupunguza baadhi ya bakteria lakini haitegemewi kwa virusi. Ni nzuri kwa ukoga wa birika.

Kitu cha dukani kinachosahaulika ni peroksaidi ya asilimia 3. Ipake bila kuzimua kwenye uso uliokwisha kusafishwa, iache dakika 5 hadi 10. Hupausha vitambaa, lakini haiachi harufu. Iwe kwenye chupa ya rangi nzito: mwanga huivunja ikabaki maji.

Na yapo yasiyohitaji dawa kabisa. Vyombo na chuchu za chupa za watoto, chemsha. Nguo na shuka za mgonjwa, fua kwa sabuni kwenye nyuzi 60 kama kitambaa kinavumilia, kisha zikauke kabisa.

Naweza kutengeneza vitambaa vilivyolowekwa dawa?

Vya alkoholi ya 70, ndiyo, kwenye kopo linalofunga vizuri. Likiachwa wazi alkoholi huondoka na unabaki na vitambaa vya maji. Vya klorini viloweshwe siku ya matumizi tu, kwa kuwa pamba na karatasi huila klorini polepole. Simu na skrini: zima, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa isopropili ya 70, kisichochuruzika. Klorini isikaribie simu.

Kuwapulizia watu dawa mlangoni kunasaidia?

Hakusaidii, na kunadhuru macho, ngozi na mapafu. Hata kwa meza, kupuliza huacha madoa makavu katikati ya matone na kukutia mvuke puani. Lowesha kitambaa, ufute.

Nihifadhi kwenye nini?

Plastiki ngumu au kioo, kifuniko kinachobana, mahali pa baridi na giza, juu kuliko mkono wa mtoto. Usitumie chupa ya soda au ya maji ya kunywa hata ukibandika lebo. Mtoto hasomi lebo, na mtu mzima mwenye kiu gizani naye hasomi. Chupa za klorini na peroksaidi zisijazwe hadi juu, kwani hutoa gesi.

Mtoto amemeza kitakasa, au klorini imeingia jichoni.

Jicho: suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatiza, ukishikilia kope, kisha nenda kwa daktari. Waliovaa lenzi wazitoe wakati wa kusuuza.

Kumeza: usimtapishe, kwa sababu klorini itaunguza koo mara ya pili, na alkoholi inaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali au piga simu ya huduma ya sumu mara moja, na ubebe chupa yenyewe. Kwa mtoto mdogo, mafunda machache ya kitakasa inaweza kushusha sukari ya damu na kumlegeza. Ikiwa kuna shaka ya methanoli, usisubiri dalili: kichwa kuuma na macho kuona ukungu vinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, na tiba hufaa zaidi kabla havijaanza.